Jiji linalotunza mifupa ya kale na kusahau majina ya jana

NA MWANDISHI WETU

*Kuanzia Museum Hill hadi Karen, majumba ya makumbusho ya Nairobi yamejaa hazina ambazo mataifa mengine yanazitamani. Lakini mkazi wa Dagoretti, Kangemi au Kibera akiingia humo hapati habari za mtaa wake. Katiba imekwisha kusema ni nani anayepaswa kuziweka.*

Siku za shule, kabla jua halijapanda sawasawa, mabasi ya manjano huwa yameshajipanga kwenye uwanja wa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Watoto hushuka wawiliwawili, mwalimu wa mbele akihesabu vichwa, wa nyuma akiwahimiza wanaochelewa. Chini ya kilima, matatu za Kangemi, Uthiru na Kikuyu hupiga honi kati ya nguzo za barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022.

Ndani ya jumba kelele hupungua. Katika ukumbi wa asili ya binadamu, watoto hao hukutana na habari za mvulana aliyekufa kando ya Ziwa Turkana yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yake iliyopatikana inapita mia moja. Ni miongoni mwa mifupa ya mtu wa kale iliyokamilika zaidi kuwahi kupatikana, na anayeihifadhi ni Kenya.

Wakitoka hapo hupita mbele ya sanamu kubwa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Ahmed alikufa mwaka 1974. Pembe zake, umri wake na walinzi wake vyote vimeelezwa.

Mchana basi hurudi Kangemi kwa Barabara ya Waiyaki. Mtoto amejua jina la ndovu na umri wa mifupa. Waiyaki ambaye barabara hiyo imebeba jina lake alikuwa nani, alikamatwa wapi na kwa nini, huenda asielezwe na mtu yeyote siku hiyo.

Hilo ndilo tatizo linalochunguzwa na makala hii. Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya mwaka 2019. Ina Makumbusho ya Taifa, jumba la sanaa katika ofisi ya zamani ya mkoa, makumbusho ya reli, nyumba ya mwandishi Mdenmaki kule Karen na hifadhi ya nyaraka katikati ya jiji. Hata hivyo, anayetaka kujua historia ya jiji lenyewe na ya watu waliolijenga lazima azunguke mlango hadi mlango akiokota vipande.

Chama cha wapenda ndege na wadudu

Chanzo cha hali hii kipo mwanzoni kabisa. Mwaka 1910 kundi la walowezi na maafisa wa kikoloni waliopenda kukusanya ndege, wadudu na mimea lilianzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Walitafuta mahali pa kuweka walivyokusanya, wakapata pale ambapo leo limesimama jumba la Nyayo House.

Nafasi ikawa ndogo. Mwaka 1922 wakahamia jengo kubwa zaidi, ilipo sasa hoteli ya Serena. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikatenga ardhi kwenye kilima ng'ambo ya mto, na tarehe 22 Septemba 1930 jumba jipya likafunguliwa. Likapewa jina la Robert Coryndon, gavana aliyekuwa mfadhili wa chama hicho na aliyefariki mwaka 1925.

Jina la Coryndon liliondolewa mwaka 1964, baada ya uhuru. Jumba likafungwa Oktoba 2005 kwa ukarabati mkubwa uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena Juni 2008 likiwa na kumbi pana na mpangilio mpya.

Wanyama na mimea ndivyo vilivyotangulia kuingia humo. Mwafrika alipoingia, aliingia kama mfano wa kabila lake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza mchoraji Joy Adamson achore watu wa jamii za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo ya jadi. Michoro hiyo ni mizuri, na kwa jamii nyingine ndiyo kumbukumbu pekee ya pambo ambalo halivaliwi tena.

Lakini tazama kisichochorwa. Humwoni karani wa Kikuyu akiwa na kalamu, wala fundi wa reli wa Kiluo, wala mama wa Kinubi akiuza mandazi Kibera. Sera ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini, mtu aliyekuja kufanya kazi akiwa na kitambulisho cha kipande shingoni, kisha arudi kwao. Makumbusho ya wakati huo yalimwonyesha huko huko "kwao".

> Makumbusho ya kikoloni yalimwonyesha Mwafrika akiwa kijijini. Mji yaliuhesabu kuwa wa wengine.

Jicho lililoona kokoto isiyo kokoto

Habari za mvulana wa Turkana zinaonyesha jinsi jina linavyoweza kurudishwa mahali pake. Aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu lake, Agosti 1984, ni Kamoya Kimeu. Alikuwa akitembea karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, akakiona kipande kidogo cheusi kati ya mawe yanayofanana nacho.

Kamoya hakuwa mwanachuo. Alianza mwaka 1960 kama kibarua wa familia ya watafiti ya Leakey huko Olduvai, akajifunza kazi kwa kuitazama na kuifanya. Baadaye akawa kiongozi wa kikosi cha watafutaji na msimamizi wa maeneo ya kale chini ya Makumbusho ya Taifa. Wanasayansi wameita aina mbili za wanyama wa kale wa jamii ya nyani kwa jina lake. Alifariki Julai 2022.

Kwa miaka mingi dunia ilisikia zaidi majina ya waliokuwa na digrii na fedha za utafiti. Leo huwezi kueleza mifupa ya Nariokotome bila kumtaja Kamoya. Haki hiyo haikuhitaji jumba jipya. Ilihitaji watu kukubali kwamba aliyeinama akaokota naye ana sehemu yake katika historia.

Haki ya namna hiyo ndiyo inayodaiwa na mitaa ya Nairobi.

Katikati ya jiji, vipande bila mshipi

Pembeni mwa Nyayo House, Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, lipo jengo la mawe la mwaka 1913. Hapo ndipo watu wa Nairobi walipokuwa wakiandikisha waliozaliwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Hapo pia ndipo umbali wa kwenda miji mingine ulipoanzia kupimwa. Sasa ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa, na vyumba vyake vimetunza sehemu ya mkusanyiko wa sanaa ya Kiafrika wa Joseph Murumbi.

Murumbi alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu. Alitumia maisha yake kununua na kutunza vitabu, nguo, stempu na kazi za mikono kutoka kote barani. Sehemu nyingine ya hazina yake ipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki. Mtu mmoja alifanya kazi ambayo ingestahili kufanywa na taasisi nzima.

Ukishuka hadi stesheni unaingia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na bila reli jiji hili lisingekuwa hapa. Kipo kichwa cha garimoshi aina ya Garratt, kizito na kirefu. Lipo pia behewa ambamo simba alimvuta afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Wageni hulipenda sana behewa hilo.

Mbele kidogo, Barabara ya Moi na ya Haile Selassie zinapokutana, ipo Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7. Hapa Nairobi ilijitendea haki. Bomu la mwaka 1998 kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini, na majina yao yameandikwa ukutani. Kiwanja ni kidogo, maelezo ni machache, lakini mtu anayeingia anatoka akijua nani alikufa na jiji lilipoteza nini.

Kwa upande mwingine, chini ya Nyayo House vipo vyumba ambamo wapinzani wa serikali waliteswa katika miaka ya 1980. Vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na manusura wamekuwa wakidai vigeuzwe mahali rasmi pa kumbukumbu. Ardhi iliyobeba makumbusho ya kwanza ya nchi hii ndiyo iliyokuja kubeba seli hizo. Ni vigumu kupata mahali pengine jijini panapostahili zaidi kusimuliwa hadharani.

Barabara yenye jina la Thuku

Toka Museum Hill kwa miguu kuelekea katikati ya jiji, pitia Barabara ya Harry Thuku, kati ya Chuo Kikuu na hoteli ya Norfolk. Hapa ndipo siasa za umma za Nairobi zilipomwaga damu kwa mara ya kwanza.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Aliwakusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali kupinga kipande, kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe.

Wazee walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza. Aliwakejeli wanaume kwa ishara nzito kuliko zote ambazo mwanamke wa Kikuyu angeweza kuzitoa mbele ya watu, akiwataka wampe suruali zao, nao wachukue nguo yake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa Norfolk wanasemekana kujiunga. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Wenyeji walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Thuku alipelekwa uhamishoni, akarudi, na barabara ikapewa jina lake. Habari za Nyanjiru mtoto wa Nairobi huzipata kitabuni, akizipata. Mahali penyewe ni mwendo wa dakika chache kutoka yanapoegeshwa mabasi yale ya manjano.

Nyumba ya Karen na watu wa shamba

Upande wa magharibi wa jiji una makumbusho yenye jina kubwa ng'ambo: nyumba ya Karen Blixen, chini ya Milima ya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912. Blixen, aliyetoka Denmark mwaka 1914, aliishi humo kuanzia 1917 hadi kahawa ilipomshinda mwaka 1931. Denmark iliinunua na kuitoa zawadi kwa Kenya wakati wa uhuru. Filamu iliyotokana na kitabu chake ilitoka mwaka 1985 na kuifanya nyumba itafutwe na watalii, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ni nyumba iliyotunzwa vizuri. Sebule, meza ya chakula, vitabu, jiko na majani ya bustani vyote vimewekwa kwa uangalifu. Waongozaji huijua historia yake kwa kina, na humtaja Kamante Gatura, mpishi, na Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba.

Lakini nyumba ni sehemu ndogo ya shamba. Blixen mwenyewe ameandika kwamba shamba lilikuwa na ekari 6,000. Kahawa ilichukua ekari 600, na kiasi cha ekari 1,000 zilikuwa makazi na mashamba ya familia za Kikuyu walioitwa maskwota. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1918, familia kama hizo zililazimika kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ili ziruhusiwe kukaa na kulima.

Wengi wao, au wazazi wao, walikuwa hapo kabla ya mtu yeyote kupewa hati. Shamba lilipouzwa mwaka 1931 wakaambiwa waondoke. Walichoomba ni kimoja: wasitawanywe, wapelekwe mahali pamoja na mifugo yao. Blixen alizunguka ofisi za serikali hadi wakapewa ardhi katika Hifadhi ya Msitu wa Dagoretti. Hilo ni jema, na yeye anastahili kusifiwa kwalo.

Mwekezaji alilikata shamba viwanja. Mtaa ukaitwa Karen. Waliohamishwa wakaenda upande wa pili, na wajukuu wao leo wapo Dagoretti na vijiji vya karibu, mwendo mfupi kwa matatu kutoka kwenye lango la makumbusho. Ramani ya shamba inayoonyesha palipokuwa vijiji vyao, majina ya koo zao, njia waliyopita wakihama na sauti za wajukuu wao ndiyo sehemu ya historia ambayo ingeikamilisha nyumba hii.

> Nyumba imetunzwa, bustani imetunzwa. Familia zilizolima ekari 1,000 za shamba hilo zinastahili ukumbi wao.

Dagoretti ya Waiyaki, Kibera ya Wanubi

Dagoretti ilikuwa na historia kabla ya Karen kuwapo. Oktoba 1890, nahodha Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alifika hapo akapatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa eneo hilo, akajenga ngome. Misafara ya kampuni ikaja kuchukua vyakula kwa nguvu. Wenyeji wakawafukuza waliokuwa katika ngome hiyo. Kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete mwaka 1891.

Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa Fort Smith, akasafirishwa kuelekea pwani akiwa na majeraha. Alikufa njiani, Kibwezi. Watu wake wamesimulia vizazi na vizazi kwamba alizikwa angali hai. Mwanahistoria anaweza kupima simulizi hiyo kwa nyaraka. Makumbusho yana wajibu wa kuziweka zote mbili, simulizi na waraka, mbele ya msomaji aamue.

Kibera nayo ilianza kama makazi ya askari wa Kisudani, Wanubi, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Kidogo kidogo likamegwa kwa reli, mitaa ya nyumba na viwanja. Mwaka 2017, baada ya miongo ya madai, jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Yaliyotokea kati ya namba hizo mbili yanatosha kujaza ukumbi mzima.

Olorgesailie: mfano ulio jirani

Anayedhani kwamba historia lazima ibebwe hadi jumba kubwa la jiji afunge safari kwa Barabara ya Magadi, apite Ongata Rongai na Kiserian, ateremke Bonde la Ufa hadi Olorgesailie. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo mwaka 1942, na mwaka 1947 pakafunguliwa kwa umma.

Mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale kandokando ya ziwa lililokauka yameachwa chini pale pale yalipopatikana, mamia kwa mamia. Mgeni hutembea juu ya daraja la mbao akiyatazama. Jiwe linaeleweka kwa sababu lipo kwenye udongo wake.

Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba watu wa hapo, yapata miaka 320,000 iliyopita, walitumia jiwe jeusi la kioo lililotoka mbali, baadhi yake makumi ya kilomita. Maana yake walikuwa na mawasiliano na makundi mengine. Habari hiyo kubwa inasimuliwa kwenye banda la kawaida, na wasimulizi ni watu wa eneo hilo.

Fort Smith, Norfolk, vijiji vya shamba la Karen na Kibera vinaweza kufanyiwa hivyo: kibao kilichoandikwa vizuri kwa Kiswahili, ramani, na msimulizi aliyefunzwa.

Hoja zinazoshindana

Wapo wanaosema jiji lina shida za maji, taka, hospitali na madarasa, na kwamba kutenga fedha kwa makumbusho ni kuwatukana wenye njaa. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza haijui Nairobi. Lakini fedha za kumbukumbu si nyingi kiasi cha kukausha mifereji, na jiji lisilojua mipaka ya ardhi yake ilivyochorwa haliwezi kutatua hata ugomvi wa mifereji hiyo. Migogoro ya Dagoretti na Kibera ni ya historia kabla ya kuwa ya mahakama.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya Makumbusho ya Taifa, yenye wataalamu, maabara na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kweli, utaalamu upo huko. Ila taasisi hiyo inabeba nchi nzima, kutoka Lamu hadi Kapenguria. Tena ina kazi ya kufuatilia vilivyochukuliwa. Maonyesho ya mwaka 2021 hapo Museum Hill yalitokana na orodha ya zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Vingine vimeanza kurudi: vigango (nguzo za ukumbusho wa wafu) 30 vya Wamijikenda kutoka Denver mwaka 2019, na 37 kutoka Illinois mwaka 2023. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, bado ipo London.

Wapo pia wanaotaka jumba jipya la fahari. Upande huo una mifano: Uhuru Gardens, Lang'ata, mahali bendera ya taifa ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, pamejengwa makumbusho makubwa ya taifa. Lakini jengo kubwa lina gharama kubwa kila mwezi, na kumbukumbu ya mtaa hufa haraka kuliko zabuni inavyotangazwa. Mzee aliyesikia habari za kuhama Karen kutoka kwa mama yake hawezi kungoja mkandarasi.

Katiba imekwisha kuamua

Katika mjadala huu kuna jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaorodhesha kazi za kaunti, na miongoni mwake ni maktaba na makumbusho. Kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu. Historia ya mitaa ya Nairobi, kwa hiyo, ni jukumu la Kaunti ya Nairobi, sawa na taa za barabarani na masoko.

Kaunti haianzi mikono mitupu. Inayo Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia hadi mwaka 1958. Mwaka 1962 ikakabidhiwa baraza la jiji. Ina magazeti ya miongo mingi na picha za zamani. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limekuwa likishirikiana na kaunti kukarabati maktaba hii na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambako wakazi waliulizwa kwanza wanataka maktaba ya namna gani.

> Maktaba na makumbusho ni kazi ya kaunti. Hivyo ndivyo lisemavyo Jedwali la Nne la Katiba.

Njia ndiyo hiyo. Kaunti itenge ghorofa moja ya McMillan, au jengo lake lolote la zamani, liwe mahali pa historia ya jiji. Iajiri mhifadhi na wakusanyaji wa simulizi, iwatume Dagoretti, Kawangware, Kangemi na Kibera wakiwa na vinasa sauti kabla wazee hawajaisha. Ikubaliane na Makumbusho ya Taifa kuhusu utaalamu, na nyumba ya Karen ipewe ukumbi wa watu wa shamba. Iweke vibao mahali pa matukio, kwa Kiswahili kwanza. Wizara ya Elimu nayo iyaingize maeneo hayo katika ziara za shule, ili basi linalotoka Museum Hill lisimame Norfolk na Fort Smith kabla ya kurudi.

Kwako wewe msomaji: bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka, na Katiba inakupa haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Nenda kwenye kikao cha wadi yako, uulize fungu la maktaba na makumbusho ni shilingi ngapi na linafanya nini. Na nyumbani, kama yupo mzee anayekumbuka palipokuwa boma lao kabla ya Karen, kabla ya reli kuongezwa, kabla ya hati, keti naye wiki hii, uandike majina anayoyataja.